Nani Aling'oa Pamba ya Nandete?

Kila mwaka wanafunzi wangu wa historia huniletea mada ileile: "Sababu na Matokeo ya Vita vya Maji Maji." Huwa nawarudishia karatasi na kuwauliza: Wapi? Nani? Utamuuliza nani? Kisha nawasimulia yaliyofanyika Dar es Salaam mwaka 1968.

Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Idara ya historia ilikuwa chini ya Terence Ranger, na humo walikuwamo wanahistoria Isaria Kimambo na John Iliffe. Mtafiti Gilbert Gwassa naye alikuwa akizunguka vilima vya Umatumbi, huko kusini, kukusanya masimulizi ya wazee. Vita hivyo dhidi ya utawala wa Wajerumani vilipiganwa 1905 hadi 1907, kwa hiyo aliyekuwa kijana wakati ule alikuwa bado hai, mzee wa miaka themanini hivi. Muda ulikuwa unayoyoma.

Wajerumani wa wakati ule walikuwa na swali lao: nani amewachochea watu hawa? Ukiuliza hivyo, utapata mchochezi tu. Ndiyo maana maandishi yao yamejaa waganga, ushirikina na njama. Gwassa aliuliza jinsi habari ilivyofika kijijini, na kwa njia hiyo akaambiwa juu ya njwiywila, ule mnong'ono wa siri uliopita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kwamba huko Ngarambe yuko mganga Kinjikitile Ngwale, anatoa maji ya dawa. Akaelezwa pia kwamba huko Nandete, Umatumbi, Julai 1905, watu hawakuanza kwa kuvamia boma. Waling'oa miche michache ya pamba. Miche michache tu! Hapo mwanafunzi anapaswa kushtuka na kuuliza: kwa nini pamba, na kwa nini michache? Swali hilo litampeleka kwenye mashamba ya lazima, kwa majumbe na maakida waliowasimamia watu, hadi kwenye tangazo la vita lililotolewa bila kusema neno.

Wanafunzi wa chuo nao wakatumwa wilaya za kusini wakaulize wazee. Walirudi na vita visivyofanana. Umatumbi hapakuwa na mtawala mkubwa wa kuamuru. Ungoni vita vilipita mikononi mwa watawala na manduna, yaani wakuu walio chini yao, na ndiyo maana mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi pale Songea. Swali lililofungwa kwenye mahali pamoja lilizaa tofauti ambazo mada pana isingeziona kamwe.

Hata hivyo, nchi ilikuwa imetoka tu kupata uhuru, na watafiti wale walikuwa wakitafuta umoja wa taifa. Wanawake nao hawakuulizwa vya kutosha. Ilibidi tungoje hadi 1997, Thaddeus Sunseri alipoandika kuhusu Uzaramo akihoji nani alilinda mazao dhidi ya nguruwe pori wakati wanaume hawapo. Nalipenda mno swali hili. Lina shamba, lina usiku, lina mtu anayekesha, na linaweza kujibiwa.

Binti mmoja darasani mwangu amefuta mada yake ya kwanza. Sasa anataka kujua wanawake wa kijiji cha bibi yake, huko Kilwa, walikula nini katika njaa iliyofuata vita, na nani aliwafundisha kuchimba mizizi ya kula. Ataanza na bibi mwenyewe, aliyeyasikia hayo kwa mama yake.