Juu ya Neno "Power" na Visawe Vyake

Katika maneno ya Kiingereza yamtaabishayo mfasiri, neno "power" lina nafasi ya mbele, kwani Mwingereza hulitamka hilo hilo akikusudia mambo ambayo sisi tangu kale tumeyagawia majina mbalimbali. Akinena habari za sheria hukusudia mamlaka. Za siasa ya ulimwengu, dola kubwa. Za hesabu, kile tukiitacho kipeo. Na taa zikizimika mjini, kilichokatika ni umeme, jina ambalo wazee walilitumia kwa mmweko wa radi kabla ya nyaya kufika.

Hapo hapana mashaka. Mashaka yamo katika fizikia, ambamo ukaribu wa maneno ndio fitina yenyewe. Kani ndiyo isukumayo au ivutayo. Kazi hufanyika kani hiyo inapokisogeza kitu. Nishati, neno la Waarabu ambalo asili yake ni uchangamfu, ni ile hali ya kuweza kufanya kazi. Na "power" si lolote katika hayo, bali ni kadiri ya kazi ifanywayo kwa kila sekunde. Mahamali wawili wakipandisha ghorofani, kimo cha mita 3, kila mmoja gunia la kilo 50, kazi waliyoyafanyia magunia ni sawasawa, yapata jouli 1,470. Lakini aliyefika kwa sekunde 10 ametoa wati 147, na aliyejikokota kwa sekunde 30 ametoa 49 tu. Kumwambia mwanafunzi kuwa wa kwanza ana nguvu zaidi ni kumtatiza, maana nguvu za kuliinua gunia wote walikuwa nazo.

Kwa hiyo darasani naegemea neno uwezo, ijapokuwa nalo halikusalimika, kwani mtu mwenye uwezo kwetu aghalabu ni tajiri, wala si lazima awe amewahi kubeba gunia.

Walakini desturi nayo ina hukumu yake. James Watt, Mskoti ambaye kipimo cha wati kilipewa jina lake mwaka 1882, alizilinganisha mashine za mvuke na farasi, akamkadiria farasi mmoja kuwa huinua ratili 33,000 kimo cha futi moja kwa dakika. Nasi tukaipokea hesabu hiyo kwa jina la nguvu za farasi. Nahodha anunuaye mashine ya farasi 40 kwa boti yake anajua vyema anachokilipia, na sidhani kamati yoyote ya istilahi itamshawishi aseme uwezo wa farasi, wala sioni faida ya kujaribu.