Kujiainisha kwa Hiari: Ukurasa wa Mwisho wa Mwombaji Kazi

Mtu anayeomba kazi kwenye tovuti ya kampuni ya Marekani hujaza jina na anwani, hupakia wasifu wake, hujibu maswali ya elimu na uzoefu, kisha akidhani amefika kwenye kitufe cha kutuma hukuta ukurasa mmoja zaidi. Unamuuliza jinsia yake, rangi au asili yake, kama aliwahi kutumikia jeshi, na kama ana ulemavu. Juu ya maswali pameandikwa kwamba kujibu ni hiari na kwamba jibu halitatumiwa kumpima. Wengi husita hapo. Akijibu, anaogopa kubaguliwa. Asipojibu, anaogopa kuonekana ana la kuficha.

Kwa Kiingereza ukurasa huo huitwa voluntary self-identification. Kwa Kiswahili unaweza kupewa majina mengi, na baadhi ya majina hayo yanamzidishia mwombaji hofu aliyokwisha kuwa nayo. Makala haya yanapendekeza kujiainisha kwa hiari. Sababu zake zinatokana na kazi ya ukurasa wenyewe, kwa hiyo tuanzie huko.

Swali lilikotoka

Mwaka 1964 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Sehemu yake ya saba ilimkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au taifa la asili yake, na ikaunda tume ya fursa sawa za ajira, EEOC, iliyoanza kazi Julai 1965. Septemba mwaka huohuo Rais Lyndon Johnson alitia saini Amri Namba 11246, iliyowadai wakandarasi wa serikali kuu wachukue hatua za makusudi kuhakikisha kwamba hawabagui. Kuanzia 1966 waajiri wakubwa wakawa wanapeleka kila mwaka ripoti ya EEO-1, yenye hesabu ya wafanyakazi kwa aina ya kazi, jinsia na rangi. Siku hizi inawahusu waajiri binafsi wenye wafanyakazi 100 au zaidi.

Kesi moja ilionyesha kwa nini hesabu hizo zina maana. Kampuni ya umeme ya Duke Power, huko North Carolina, ilidai cheti cha sekondari au kufaulu mitihani ya akili kwa kila aliyetaka kuhamia idara zenye mishahara mizuri. Sharti halikutaja rangi popote, lakini Weusi wengi walikwama hapo, na kampuni haikuweza kuonyesha kwamba cheti hicho au mitihani hiyo ilihusiana na kazi zenyewe. Mwaka 1971, katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sharti la namna hiyo linavunja sheria hata kama halikuwekwa kwa nia mbaya. Tangu hapo ubaguzi ukawa unaweza kutafutwa kwenye matokeo pia, na matokeo hayaonekani bila kujua ni nani walioomba na ni nani waliochukuliwa.

Maswali mengine yaliongezwa na sheria nyingine. Kifungu cha 503 cha Sheria ya Utengemao ya 1973 kilileta swali la ulemavu kwa wakandarasi wa serikali, na sheria ya 1974 ikaleta la wanajeshi wa zamani. Januari 2025 Rais Donald Trump aliifuta Amri 11246, na wajibu wa wakandarasi uliotokana nayo ukaondoka. Sheria zile za 1964, 1973 na 1974 hazikufutwa kwa hatua hiyo, kwa kuwa zilipitishwa na Bunge. Ndiyo maana mwombaji anaweza kukuta maswali yote manne kwa kampuni moja, na kwa nyingine akakuta mawili tu.

Jibu linakokwenda

Katika mfumo uliopangwa sawasawa, majibu ya ukurasa huu hutengwa na maombi yenyewe mara tu mwombaji anapobofya kitufe cha kutuma. Msimamizi anayechuja wasifu huona jina, shule na kazi za nyuma. Safu ya rangi au ya ulemavu haimo kwenye skrini yake. Kanuni za kifungu cha 503 zinadai kwamba majibu kuhusu ulemavu yawe siri na yahifadhiwe katika faili la uchambuzi wa takwimu, si katika faili la matibabu la mfanyakazi. Wanaolifungua ni watu wachache wa rasilimali watu au wa sheria, na wanachokitafuta humo ni jumla.

Jumla hizo hufanyiwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Tuseme wanaume 200 wameomba kazi na 100 wameitwa kwenye usaili: hiyo ni asilimia 50. Wanawake 100 wameomba na 30 wameitwa: asilimia 30. Gawanya 30 kwa 50 upate asilimia 60. Miongozo ya serikali ya mwaka 1978 inasema kwamba kiwango cha kundi moja kikiwa chini ya nne ya tano ya kile cha kundi lililofanikiwa zaidi, yaani chini ya asilimia 80, kuna dalili ya kuchunguza. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi ubaguzi. Inamlazimu mwajiri arudi kwenye hatua ya mchujo na kuuliza ni sharti gani lililowaangusha wanawake, na kama kazi inalihitaji kweli.

Kila mwombaji anayechagua kutojibu anapunguza nguvu ya hesabu hii, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo ajue kwamba anayetaka kubagua hahitaji ukurasa huu. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya maombi ya kubuni yapatayo 5,000 waliyoyatuma kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina ndiyo yaliyobadilishwa. Wenye majina kama Emily na Greg waliitwa kwa kiasi cha asilimia 50 zaidi ya wenye majina kama Lakisha na Jamal. Jina liko juu ya wasifu, na kila mchujaji analisoma.

Kuna tofauti moja ya kuangalia. Tovuti ya mwajiri hukusanya majibu kwa ajili ya mwajiri huyo. Tovuti inayotangaza kazi za waajiri wengi inaweza kuuliza maswali hayohayo kwa ajili ya takwimu zake yenyewe, na hapo masharti ni yale yaliyo kwenye tamko lake la faragha. Humo mwombaji atafute mambo matatu: nani ataona jibu likiwa na jina, litatunzwa kwa muda gani, na kama linaweza kufutwa.

Kwa nini kujiainisha

Tafsiri inayokuja upesi ni kujitambulisha kwa hiari. Tatizo lake ni kwamba anayejitambulisha kwa Kiswahili anataja jina lake, ametoka wapi na amekuja kwa shughuli gani. Akikutana na askari, anatoa kitambulisho. Ukurasa huu unafanya kinyume, kwani unataka kundi la mtu huku jina lake likiachwa kando. Kujieleza nako hakufai: mtumishi aliyeandikiwa barua ya kujieleza anajua kwamba ana kesi ya kujibu.

Kitenzi ainisha kimetokana na aina, na msomaji wa Kiswahili anakifahamu tangu darasani alikoainisha nomino katika ngeli. Kuainisha ni kuweka kitu katika kundi lake bila kukisifu wala kukishusha, na ndicho jibu la ukurasa huu linachofanya.

Kiambishi -ji- kinabeba nusu ya pili ya maana. Kwa ripoti ya EEO-1, mfanyakazi aliyekwisha kuajiriwa akikataa kujibu swali la rangi, mwajiri anaruhusiwa kumweka katika kundi kwa kutumia kumbukumbu za kazi au kwa kumtazama tu. Huyo ameainishwa. Aliyejaza mwenyewe amejiainisha, na neno lake ndilo linalotangulia. Kiswahili kinazitenganisha hali hizo mbili ndani ya kitenzi kimoja.

Hiari haina mgogoro, mradi isigeuzwe kuwa kujitolea. Anayejitolea hufanya kazi bila malipo. Mwombaji anatafuta mshahara. Taarifa zenyewe ziitwe taarifa za kidemografia, jina ambalo wasomaji wa ripoti za sensa wamelizoea.

Visanduku na majina yake

Ugumu mkubwa zaidi uko katika orodha ya makundi. Kwa kawaida fomu huanza kwa kuuliza kama mwombaji ni wa asili ya Kihispania au Kilatino. Asiye wa asili hiyo huchagua kati ya Mweupe, Mweusi au Mmarekani Mweusi, Mwasia, mwenyeji wa asili wa Hawaii au visiwa vingine vya Pasifiki, mwenyeji wa asili wa Marekani au Alaska, na mwenye asili mbili au zaidi.

Katika mgawanyo wa serikali wa mwaka 1997, kundi la Mweupe ni la watu wenye asili ya Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Kwa hiyo Mzanzibari ambaye wazee wake wote walitoka Oman, au mtu wa Mombasa ambaye wazee wake ni wa Hadhramaut, akifuata maelezo ya fomu anaangukia kisanduku hicho. Mfasiri akikiita Mzungu amemfungia mtu huyo mlango, maana hakuna anayemwita Mwarabu Mzungu. Neno la kutumia ni Mweupe, likifuatwa na maelezo ya asili zinazohusika. Machi 2024 serikali ya Marekani ilitangaza mgawanyo mpya wenye kundi la pekee la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, lakini fomu za mgawanyo wa zamani bado ziko mtandaoni. Aliyezaliwa Nairobi au Dar es Salaam katika familia yenye asili ya Gujarat ataandika Mwasia, na Mkongo aliyehamia Ohio ataandika Mweusi, hata kama jina la kisanduku linataja pia Umarekani asiojihisi nao.

Swali la jeshi lina mipaka ambayo neno askari mstaafu linaificha. Linahusu waliotumikia jeshi la Marekani. Aliyestaafu JWTZ, jeshi la Tanzania, au jeshi la Kenya, hata akiwa na nishani kifua kizima, anachagua jibu la kwamba hayumo. Tafsiri salama ni mwanajeshi wa zamani wa Marekani anayelindwa na sheria.

Swali la ulemavu lina tatizo la upande wa pili, kwa sababu neno letu ni jembamba kuliko fomu. Mtu akisikia ulemavu hufikiria kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au lugha ya alama. Fomu ya serikali, inayojulikana kwa namba CC-305, inataja pia kisukari, kifafa, sonona, maradhi ya moyo, VVU, na saratani hata iliyokwisha kupona. Majibu yake ni matatu: ndiyo, nina ulemavu au niliwahi kuwa nao, hapana, sitaki kujibu. Mwenye kisukari anayesoma neno ulemavu peke yake atajibu hapana bila kusudi la kudanganya. Mfasiri asiiache mifano hiyo hata ikirefusha ukurasa.

Pasipo na hiari

Kenya nayo huuliza, kwa utaratibu tofauti. Fomu ya maombi ya Tume ya Utumishi wa Umma ina nafasi ya kabila, kaunti ya nyumbani na ulemavu katika karatasi ileile yenye jina na shahada. Sababu iko kwenye sheria: Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja, na Katiba ya 2010 inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za uteuzi ziende kwa wenye ulemavu. Hapa jibu linaweza kuamua nani apate nafasi, kwa hiyo mwajiri analihitaji likiwa na jina la mwombaji. Kuiita hatua hiyo kujiainisha kwa hiari ni kupotosha. Ni tamko la kabila na ulemavu.

Rwanda iko upande wa mwisho kabisa. Kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho cha kila mtu, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua wa kuuawa. Baadaye kabila likaondolewa kwenye vitambulisho. Mtu anayesita mbele ya kisanduku cha asili yake anajua kwamba orodha za makundi zina historia, na neno hiari halimtoshi hadi aambiwe orodha inakwenda wapi.

Kwa hiyo istilahi ikiwekwa kwenye ukurasa wa Kiswahili, ifuatwe na maelezo yasiyozidi sentensi nne. Mfano: “Kujiainisha kwa hiari. Tunakuomba utaje kundi lako ili tuhesabu ni nani wanaoomba na ni nani wanaochukuliwa. Jibu lako litatengwa na maombi yako, na anayekusaili hataliona. Unaweza kuchagua ‘sitaki kujibu’ na maombi yako yatapokelewa vilevile.” Tovuti ambayo haiwezi kuiandika sentensi ya kutengwa kwa jibu bila kusema uongo haijawa tayari kuuliza swali lenyewe.