Mdalasini wa Belém

Wanaonifahamu wanajua udhaifu wangu: nikifika mji wa watu, kabla ya makumbusho naulizia bekari. Lisbon nilielekezwa Belém, kwenye foleni ya pastel de nata, kikeki kidogo chenye ganda la tabaka tabaka na kastadi ya viini vya mayai ndani. Unanyunyizia mdalasini, unakula kingali moto. Kitamu, sina ubishi.

Inasimuliwa kuwa watawa wa Jerónimos, jirani hapo, walitumia ute wa mayai kukakamaza nguo zao. Viini vilivyobaki vikawa vitamutamu. Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilifunga nyumba za watawa, na kuanzia 1837 vikeki hivyo vikauzwa dukani.

Lakini monasteri yenyewe ilijengwa kwa fedha gani? Ujenzi ulianza 1501, ukigharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya biashara ya viungo. Ndani amezikwa Vasco da Gama, yule yule aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498. Miaka saba baadaye, 1505, meli za Francisco de Almeida ziliipora Kilwa, kisha zikaichoma moto Mombasa.

Shuleni nilikariri tarehe hizi ili nifaulu mtihani. Pale Belém zilinikaa mdomoni.

Je, niache kula? Hapana, nilikula na cha pili. Ila ndugu msomaji, njia ya kuufuata mdalasini ule ilipita kwetu, na wazee wetu waliilipia. Ukifika, kula. Kisha tembea hatua chache ukalitazame lile kaburi.