Mabula, mtoto wa mvua

Mwamapalala, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, ukiita "Mabula!" sokoni, usishangae wakigeuka wanaume zaidi ya mmoja. Ni jina la Kisukuma la mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua inanyesha, au msimu wa mvua. Wa kike huitwa Mbula.

Kwa Kisukuma, mbula ni mvua. Maneno haya mawili ni ndugu wa damu: Kiswahili kimeidondosha l, ilhali Kisukuma kimeibakiza, sawa na Kizulu kinachosema imvula. Wakikuyu nao husema mbura.

Jina hili lina uzito katika nchi ya pamba na mifugo. Mvua za Novemba zikichelewa, mbegu hukaa ghalani na ng'ombe hupelekwa mbali kutafuta majani. Mtoto akija na wingu la kwanza, wazee hawahangaiki kutafuta jina. Jua nalo halikusahaulika: limi ni jua, na kutokana nalo wamepatikana akina Limi na Malimi.

Kenya wapo akina Wambua kwa Wakamba, na kwa Wajaluo Okoth na Akoth, wote watoto wa mvua.

Siku hizi Mabula limehamia nafasi ya ukoo, na wanawake wanalibeba pia. Angeline Mabula, aliyewahi kuwa mbunge wa Ilemela, alikuwa Waziri wa Ardhi hadi 2023. Kwa hiyo karani anayeandika "Bwana" kila aonapo jina hilo atakosea mara nyingi.