Umbali wa Miaka: Tafsiri na Ujio wa Fasihi ya Kisasa ya Ulimwengu katika Kiswahili, 1952–2022

Ikisiri
Makala haya yanachunguza muda uliopita kati ya kuchapishwa kwa kazi za kigeni na kusomwa kwake kwa Kiswahili. Yanadai kuwa riwaya ya kisasa ya kigeni iliwafikia wasomaji kupitia tafsiri, ilhali ushairi wa kisasa haukupata njia hiyo kwa kiasi cha kutosha. Tofauti hiyo inasaidia kueleza ukali wa mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970.

Utangulizi
Historia za fasihi ya Kiswahili aghalabu huiweka tafsiri pembezoni: hutajwa katika aya moja au mbili, kisha mjadala hurejea kwa kazi zilizotungwa kwa Kiswahili. Utaratibu huu unaficha jambo la msingi. Kwa msomaji asiyesoma Kiingereza wala Kifaransa, kazi ya kigeni huanza kuwapo siku inapoingia katika lugha yake. Kwa hiyo, usasa wa kazi hiyo hauna budi kupimwa pia kwa umbali wa miaka kati ya matini chanzi na tafsiri.

Kutoka kwa wakongwe hadi watu wa rika moja
Shaaban Robert alipomtafsiri Omar Khayyam mwaka 1952, na Julius Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kazi zilizochaguliwa zilikuwa na umri wa karne kadhaa. Animal Farm ya George Orwell (1945) ilitokea kuwa Shamba la Wanyama mwaka 1967, baada ya miaka 22. Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958) ilifika mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute, baada ya miaka 15. The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya Ayi Kwei Armah (1968) ilifika mwaka 1976 kwa jina la Wema Hawajazaliwa, tafsiri ya Abdilatif Abdalla. Umbali ulikuwa umepungua hadi miaka 8.

Majina hayo mawili ya mwisho yanastahili kuangaliwa kwa makini. Achebe alilitoa jina lake katika shairi la W. B. Yeats, Ndulute aliuacha mwangwi huo, ambao msomaji wake huenda asingeusikia, akamtanguliza shujaa, mhusika anayefahamika vyema katika tendi za Kiswahili. Abdalla naye alikabiliwa na tahajia iliyopindwa makusudi na Armah. Hakuipindua ya Kiswahili. Aliliacha umbo wazuri akachagua wema, akihamisha uzito kutoka sura kwenda maadili. Neno hilo likisimama peke yake laweza kuwa nomino dhahania; kiambishi cha nafsi katika hawajazaliwa ndicho kinachotuambia kuwa wanaosubiriwa ni watu.

Ukaribu huu haukuwa wa miaka tu. Abdalla alikuwa amefungwa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Riwaya ya Ghana kuhusu uhuru uliooza ilipita mikononi mwa mtu aliyeijua mada hiyo kwa gharama yake mwenyewe.

Pengo la ushairi
Ushairi haukuwa na safari kama hiyo. Khayyam wa mwaka 1952 hakuwa mshairi wa kisasa, na tungo zake zilivaa vina bila taabu. Tafsiri za washairi wa kigeni wa karne ya 20 zilikuwa haba. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani waliliita shairi huru uigaji wa Wazungu. Waliolitetea walikuwa wamesoma ushairi wa kigeni kwa Kiingereza, lakini wengi wa wasomaji hawakuwa na matini hizo kwa Kiswahili ili waamue wenyewe kipi kimeigwa na kipi kimebuniwa. Mjadala ukawa wa uaminifu kwa mila badala ya kuwa wa ulinganishi. Riwaya haikupata msukosuko wa kiwango hicho, na twaweza kuhoji kuwa tafsiri ni mojawapo ya sababu.

Umbali unaporefuka tena
Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilichapishwa mwaka 1994. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Mfuatano huo hauthibitishi kuwa tuzo ndiyo iliyoizaa tafsiri. Hata hivyo, hesabu inabaki: riwaya inayohusu pwani yetu ilichukua miaka 28 kufika, mingi kuliko ile iliyochukuliwa na Orwell.

Hitimisho
Umbali wa miaka haupungui wenyewe. Hupunguzwa na wafasiri na wachapishaji, na huendelezwa na mitaala. Wema Hawajazaliwa inastahili kufundishwa katika historia ya riwaya ya Kiswahili, sambamba na Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi, kwa kuwa zilisomwa katika muongo mmoja. Aidha, idara zetu zinapaswa kuanza na pale palipoachwa wazi: ushairi wa washairi walio hai. Bila hivyo, kizazi kijacho kitabishana tena kuhusu mashairi ambayo wengi wake hawajayasoma.