Magma Mbili Ndani ya Jiwe Moja

Jina la Robert Bunsen wengi tunalijua kwa kile kichomeo cha gesi cha maabara ya shule. Mimi namheshimu zaidi kwa safari yake ya Iceland mwaka 1846, baada ya volkano ya Hekla kulipuka mwaka uliotangulia. Alipima mawe ya huko kikemia, na mwaka 1851 akatoa hoja yake: chini ya kisiwa kuna magma mbili, moja yenye silika nyingi, nyingine nyeusi yenye silika kidogo. Miamba yote ya katikati ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Hoja ikapingwa, kisha ikawekwa kando. Mwaka 1928 Norman Bowen wa Canada alichapisha kitabu kilichotawala fikra za wanajiolojia. Kwake magma moja inatosha: ikipoa polepole, fuwele za mwanzo huzama, na uji unaobaki huzidi silika hadi unakuwa itale, yaani graniti. Nadharia safi, tena ina majaribio ya maabara. Sasa nani angehitaji magma mbili?

Lakini jiwe nalo lilikuwa na lake la kusema. Ndani ya itale mara nyingi kuna madoa meusi ya mviringo. Wengi waliyahesabu kuwa vipande vya mwamba wa zamani vilivyotumbukia humo. Mwaka 1953 Lawrence Wager na Edward Bailey, wakitumia ushahidi wa visiwa vya St Kilda, Scotland, wakaonyesha kingo zake: zina chembe ndogo sana, dalili ya kupoa ghafla. Hivi jiwe ambalo tayari ni baridi litapoaje ghafla?

Kumbe magma nyeusi huwa na joto la nyuzi 1,100 hivi na zaidi, ile ya itale mara nyingi 700 hadi 850. Zilipokutana, nyeusi iliganda kama nta ya mshumaa ikidondokea maji, ndiyo maana hazikuchanganyika kabisa. Na fuwele za felspa zilizovuka kuingia kwenye doa zinathibitisha kwamba lilikuwa bado uji.

Bowen hakukosea kuhusu fuwele, na Bunsen naye alizidisha aliposema miamba yote ya katikati. Kilichochelewesha mambo, nadhani, ni uzuri wa nadharia: watu waliisoma sana kuliko walivyolisoma jiwe. Siku ukikuta doa jeusi kwenye graniti, hata ya kaunta ya jikoni, anza kuangalia kingo.