UZI: Ati Wapwani hatujawahi kuungana?

Wadau, juzi hapa Magongo, kwa mama wa mahamri, jamaa mmoja alisema shida yetu Wapwani ni kwamba hatujawahi kuungana. Nikanyamaza, nilikuwa nakimbilia mtihani. Leo najibu.

Hilo jina Mijikenda lenyewe ni kazi ya kuungana. Kenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Wakauma na Waribe. Kwenye karatasi za mkoloni waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini. Nani atajivunia hilo? Wenyewe kwa wenyewe, mtu alikuwa Mdigo au Mgiriama kwanza, na kaya yake.

Mwaka 1945 ikaundwa Mijikenda Union. Na haikuundwa kayani kwa wazee, iliundwa Mombasa mjini. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea tukibishana, tunadhani umoja ule ulishuka tu kutoka Shungwaya. Mji ulikuwa umejaa wafanyakazi kutoka bara, kazi zinagombaniwa, na kila jamii ina chama chake. Mkauma peke yake ni nani mbele ya afisa wa serikali? Lakini wakija wote tisa, basi, lazima wasikizwe.

Uhuru ulipokaribia, viongozi wa Mijikenda wakashikana na wa jamii nyingine za Kenya zilizoogopa kumezwa na makabila makubwa, wakadai majimbo. Wakayapata: Katiba ya 1963 ilikuwa na majimbo saba, Pwani likiwemo. Kufikia mwisho wa 1964 yalishanyang'anywa nguvu. Union nayo ilififia, ikafufuliwa, halafu 1980 serikali ikapiga marufuku vyama vya kikabila vyote. Ikaishia hapo.

Kwa hivyo kuungana tuliungana. Ila mimi nina swali ambalo kwenye midahalo halijibiwi. Mpokomo hayumo kwenye tisa. Mtaita hayumo, Mswahili wa Mji wa Kale hayumo. Siku hizi mwanasiasa akisimama jukwaani akalilia "umoja wa Wapwani", anahesabu kina nani?

Yule jamaa wa mahamri, kwa taarifa yenu, ni Mkamba, kazaliwa papa hapa Magongo. Na alisema "yetu", nilimsikia vizuri. Hakuna aliyemkatiza.